Kuku Waliofumba Macho

Umewapita ukageuza uso. Usikatae. Wako pale Kinoo, kando ya Waiyaki Way, ndani ya vizimba vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hatua chache kutoka kwa anayeuza viazi. Ukungu unakuwa haujainuka, taa za magari zinawapiga usoni, na wao hawapepesi. Wamefumba macho. Ukajiambia wamelala, maskini, wana usingizi kama mimi. Kisha ukaangalia simu. Kila anayepita pale ana namna yake ya kuangalia simu.

Kuku halali saa tatu asubuhi. Hilo ungelijua kama ungetaka kulijua. Nyanya yako alilijua, na hakusomea popote.

Peres Awuor naye alidhani wamelala, na ndiyo maana kisa hiki kinamhusu yeye kabla hakijakuhusu wewe.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Alego, aliyeolewa Ugenya. Kazi yake ilikuwa kupangusa vioo vya jengo moja la ofisi Upper Hill, ghorofa ya kumi na nne, upande wa ndani. Mumewe, Jackton, alilinda geti la nyumba kubwa kule Karen na kurudi nyumbani siku moja kwa wiki. Walipanga chumba Kinoo, kwenye ploti ya Waceke, mama wa Kikuyu aliyezaliwa palepale kabla barabara haijapanuliwa, ambaye wapangaji wote walimwita Mama Anita. Nyuma ya ploti kulikuwa na banda la kuku lililogawanywa kwa waya. Upande mmoja ulikuwa wa Waceke. Upande mwingine, mdogo kama kitanda cha watu wawili, alikuwa amempa Peres bure, kwa sababu Peres alikuwa na ndege mmoja tu, na ndege huyo alikuwa na shughuli maalum.

Jumamosi moja ya Novemba pikipiki ya magurudumu matatu iliingia uani ikiwa na makreti. Waceke alisimama kando, mikono kiunoni, kama bibi harusi anayepokelewa.

"Mama Ryan, kuja uone baraka," alimwita Peres. "Thelathini. Ile shamba kubwa huko juu inabadilisha kuku. Imetoa hawa kwa ofa."

Peres alitoka akiwa na povu la sabuni mikononi. Alichungulia kwenye kreti.

"Mama Anita, mbona wamefumba macho?"

"Ni safari. Wametolewa saa kumi. Hata wewe ukitolewa kitandani saa kumi utafumba."

"Na hii maji kwa pua?"

"Baridi ya Kinoo. Kwani wewe unataka kuku akusalimie kwa mkono?"

Wakacheka wote wawili. Peres alimtazama kuku mmoja mweupe aliyeinamisha kichwa, kope zimevimba kidogo na kushikana, na akaona uso wenye utulivu mkubwa, uso wa mtu anayesikiliza redio kwa mbali. Akamwonea wivu. Alikuwa hajalala vizuri tangu Agosti.

Katikati ya banda, chini ya ule waya, kulipita bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu likawa mfereji wa maji. Maji yalimiminwa upande wa Waceke, yakatiririka mpaka kwa Peres. Hiyo ilikuwa akili ya Peres mwenyewe. Mtu mmoja akimimina, wote wanakunywa. Majirani walikuwa wamekuja kuitazama.

Kulikuwa na wakati mtu angekuja kuwashika wale kuku vichwa kabla hawajashuka kwenye kreti. Wenye kumbukumbu Kinoo wanakumbuka. Afisa wa mifugo alipita kwa pikipiki ya serikali, hakudai chochote, akapekua mabanda moja baada ya jingine, akifungua midomo na kope kama mkunga. Watu walilicheka koti lake. Siku moja ile pikipiki ikaharibika, ikapelekwa kutengenezwa, na mpaka leo inatengenezwa.

Sasa huyo ndege mwenye shughuli. Alikuwa jogoo mwekundu mwenye mkia wa kijani kibichi, na alitoka kwa Mzee Shem, babake Jackton, kule Ugenya. Katika ukoo wao, mwanamume anapotoka kwenye boma la baba yake kwenda kufungua la kwake, haendi mikono mitupu. Mwanawe wa kwanza hubeba shoka, mke hubeba moto, na jogoo aliyetoka kwa baba hubebwa akiwa hai. Usiku wa kwanza jogoo hulala ndani ya nyumba mpya pamoja na wenye nyumba. Akiwika alfajiri, boma limezaliwa. Kabla ya hapo ni kuta na mabati tu.

Jackton alikuwa na miaka hamsini na mbili na bado, kwa hesabu ya kwao, alikuwa mtoto aliyelala kwa babake. Nyumba ilikuwa imekamilika mwezi wa saba. Mzee Shem, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa amesema atawaongoza kwa miguu yake mwenyewe Desemba, watoto wote wakiwa nyumbani. Alisema hivyo kila alipopiga simu, na kila mara sauti yake ilitoka mbali zaidi.

Agosti ugonjwa wa kideri ukaingia kijijini. Kuku walianguka boma kwa boma. Ndipo Jackton akafanya jambo ambalo kila mtu alilisifu: alimchukua jogoo usiku huohuo, akamweka kwenye kikapu, akampeleka Nairobi akae salama. Nairobi kuna chanjo. Nairobi kuna agroveti, maduka ya dawa za mifugo, kila kona. Kwa Mzee Shem majogoo wote walikufa, yakabaki makoo saba, na yule mwekundu kule Kinoo akawa jogoo wa mwisho wa boma lile.

Usiku kucha, tangu Agosti, Peres alilala akimsikiliza.

Wiki ya pili baada ya kreti kufika, Peres aliamka asubuhi akajihisi hajaamka. Kulikuwa na kimya fulani, kizito na laini, kama mtu amefunika ploti nzima kwa blanketi. Alilala akitazama dari. Maji yalikuwa yakichuruzika mahali. Mtoto wa jirani akakohoa. Mwanga ukaingia dirishani bila kuitwa na mtu yeyote. Ndipo akajua kilichokosekana.

Jogoo alikuwa amesimama pembeni, mguu mmoja juu. Jicho la kulia lilikuwa limevimba mpaka limekuwa tunda dogo. Uso mzima upande huo ulikuwa umejaa, puani kukitoka ute, na alipomkaribia, Peres akasikia harufu nzito, ya kitu kilichosahauliwa ndani ya maji. Alimwita kwa jina. Jogoo akageuza kichwa upande wa sauti, si upande wake.

Gerishon mwenye agroveti alimpimia dawa ya njano. Hiyo dawa haina jina lingine Kinoo. Inatoka kwenye ndoo kubwa, inachotwa kwa kijiko, inafungwa kwa kipande cha gazeti kama njugu. Kuku akihara, ya njano. Akikohoa, ya njano. Ng'ombe akikonda, ya njano, vijiko viwili.

"Tia kwa maji siku tano, Mama Ryan. Atakusumbua tena na kelele."

"Mimi ndiyo nataka kelele."

"Basi sita," alisema Gerishon, akaongeza kidogo.

Zile siku za dawa Peres aliishi kama mtu aliye chini ya maji. Kule Upper Hill alisimama mbele ya vioo na kitambaa chake, na kulikuwa na doa jeupe upande wa magharibi lisilotoka. Alilipangusa, akalipulizia, akalipangusa tena, mpaka mwenzake akamwambia ni wingu, liko nje, liko huko kwenu Kinoo. Akasimama akilitazama. Chini ya wingu lile, alifikiri, kuna macho mangapi yaliyoshikana?

Aliporudi na kulala, aliota. Katika ndoto boma jipya lilikuwa tayari, limefagiwa, na watu wa ukoo wamelala uani kwenye mikeka wakiwa na nguo zao za sherehe, viatu miguuni, wakingoja asubuhi. Asubuhi haikuja. Haikuwa giza wala mwanga. Hewa ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Jogoo alitembea katikati ya waliolala, akipapasa kwa mdomo, na kwa kila mmoja aliinama sikioni akauliza: imefika? Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa wote walikuwa wakimtegemea yeye. Mzee Shem alikuwa amelala wa mwisho, karibu na lango. Jogoo alipomfikia, hakuuliza.

Siku ya tano jicho la kushoto nalo likavimba. Peres alimbeba jogoo kifuani, ndani ya leso, mpaka agroveti, akamweka juu ya meza ya kuuzia, katikati ya pakiti za mbegu.

"Gerishon. Mwangalie."

Gerishon alimwangalia, kisha akaangalia mlango kama kuna mtu anaingia. Hakukuwa na mtu.

"Dawa yako haifanyi kitu."

"Labda maji yalikuwa mengi."

"Kuku wa Mama Anita walikuja hivi. Walikuja wamefumba. Umeuza hii dawa miaka mingapi? Niambie tu."

Gerishon alikunja kipande cha gazeti, akakikunjua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa. Watu wa namna yake ndio hukaa kimya vizuri zaidi.

"Ile shamba huko juu walikuwa wanachukua ya njano kwangu tangu mwezi wa sita," alisema mwishowe. "Mwanzo ilisaidia. Halafu ikaacha kusaidia, wakaongeza. Halafu wakaniambia nisilete tena, wanauza kuku."

"Ulijua wanakuja hapa?"

"Dereva alisimama hapa nje kuuliza kwa Mama Anita ni wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwonyesha."

Jogoo alikuwa akitikisa kichwa polepole juu ya meza, kushoto na kulia, kama anayekataa chakula.

"Ni wateja, Mama Ryan. Na nani angejua? Kuku hufa kila siku."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Chini ya kalenda kona ya karatasi ilikuwa imechomoza. Peres alizunguka meza bila kuomba ruhusa, akainua kalenda. Lilikuwa tangazo lililochapwa: Cate, daktari wa mifugo, anakuja mpaka nyumbani, na nambari ya simu. Gundi yake ilikuwa imekauka zamani.

Cate alifika kesho yake akiwa na buti za mpira na mfuko mgongoni, binti mdogo kuliko Peres alivyotarajia. Hakumgusa jogoo mara moja. Alisimama mlangoni mwa banda akavuta pumzi, kisha akatikisa kichwa.

"Hii harufu ndiyo jina lake," alisema. "Mafua ya kuku. Ni bakteria, mama. Inaingia kwa pua, inavimbisha uso, macho yanafunga. Wanakunywa maji wapi?"

Peres alionyesha lile bomba. Alipokuwa bado amenyoosha mkono akaelewa, na mkono ukabaki hewani. Maji yalikuwa yakitiririka kwa utaratibu, mazuri, yakipita chini ya waya kutoka kwa kuku thelathini mpaka kwa mmoja. Aliling'oa bomba yeye mwenyewe. Lilipasuka mikononi mwake.

Walimfunga jogoo kwa taulo. Cate aliyakanda macho kwa maji ya chumvi yenye vuguvugu, muda mrefu, akizungumza naye kwa sauti ya chini maneno yasiyo na maana. Jicho la kulia lilipofunguka, kikatoka kipande cha usaha mgumu, cha njano, kama pande la samli baridi. Chini yake hapakuwa na kitu cha kuokoa. La kushoto lilikuwa limefungana tu. Lilifunguka, likajaa machozi, likamwangalia Peres.

"Nitampa dawa nyingine. Hii haiuzwi kwa kijiko, na msiache katikati hata mkimwona amepona. Hawa wengine pia. Mayai yao msile mpaka niwaambie."

"Atawika?"

Cate alicheka kidogo. "Nimeulizwa mambo mengi kuhusu kuku. Hilo bado. Atawika, mama."

"Tunasafiri naye Desemba. Nyumbani."

Binti yule akaacha kufunga mfuko wake. Akachuchumaa tena, macho yao yakawa sawa.

"Nisikize vizuri. Uso utapona. Lakini ndani ya pua ugonjwa unabaki, pengine maisha yake yote. Utamwona ni mzima kabisa, na kila kuku atakayekunywa naye maji atafumba macho. Huyu asitoke hapa. Hata mmoja asitoke hapa akiwa hai."

Waceke alikuwa kanisani siku hiyo, kwenye maombi ya Ijumaa. Cate alisema ampe mwenye ploti ujumbe, na Peres akasema atampa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu husoma haraka. Peres hakumpa. Dawa za kuku wa Waceke alizipeleka, akaeleza zinavyotolewa. Yale maneno mengine aliyameza. Kuyasema kwa Waceke kungekuwa kuyasema kwa sauti, na angeyasema kwa sauti, Jackton angeyasikia, na Mzee, na nyumba kule Ugenya ingerudi kuwa kuta na mabati. Kwa siku tisa alimkanda jogoo macho asubuhi na jioni, akapanda kwenda Upper Hill, akapangusa vioo, akarudi. Alikuwa na utulivu wa ajabu. Mwenzake wa kazini alimwambia anapendeza siku hizi, ni kama mtu anayelala vizuri.

Siku ya kumi, Jumapili, kabla hakujapambazuka, jogoo akawika.

Sauti ilitoka kwanza imepasuka, ikajikusanya, ikapanda juu ya mabati na kusimama huko. Ukungu ulikuwa umelala chini kabisa. Ilimjia Peres kwamba ukungu wenyewe ulisikia na kuanza kuondoka, ukivuta miguu. Alikaa kitandani akalia kimya, mikono kwenye mapaja. Jackton, aliyekuwa amefika usiku kwa siku yake ya mapumziko, alitoka nje bila viatu. Aliporudi alikuwa ameshika kikapu kipya chenye kifuniko.

"Nyar Alego," akamwita, binti wa Alego, "umemfufua."

"Jicho moja limekwenda."

"Moja linatosha. Asubuhi nayo ni moja." Alikuwa akitabasamu kama kijana. "Kule Karen nimewaambia wote, Krismasi wasinitafute. Nitakuwa mtu mwenye lango lake."

"Jackton, kaa chini."

Alikaa. Peres akamwambia yote, mpaka lile la mwisho la Cate. Jackton alisikiliza huku akizungusha kifuniko cha kikapu.

"Alisema lini?"

"Siku tisa sasa."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja asiwike."

Jogoo akawika tena, safari hii bila kupasuka. Wote wawili wakangoja amalize.

"Tunaweza kufika naye jioni," alisema Jackton. "Analala ndani na sisi. Akiwika, namchinja palepale. Hatagusa maji ya mtu."

"Atatokea wapi kwenda huko? Kwa Baba. Lazima atoke kwa Baba. Na kwa Baba atakuta nini, si makoo saba ya Mama yaliyobaki? Unajua Mama anavyokaa nayo. Na ndugu zako wote watakuja na kuku wao wa kuchinja, na wataondoka na wengine. Kijiji kimetoka kufukia kuku juzi."

Jackton akasema polepole, kama anakiambia kikapu:

"Nani atajua?"

Peres alimwangalia mumewe, mtu mwema, mtu ambaye hajawahi kuchukua hata embe lililodondoka kwenye ile bustani ya Karen, na akaisikia sauti ya Gerishon ikitoka kinywani mwake. Akajua ilikuwa imekaa pia ndani ya kinywa chake mwenyewe, siku tisa, tamu kama peremende. Akachukua simu.

Mzee Shem aliitikia baada ya mlio wa tatu. Nyuma yake kulikuwa na redio na mtu anayetwanga.

"Baba, ni mimi. Ni kuhusu jogoo."

"Amekufa."

"Hajafa. Alikuwa mgonjwa, amepona. Anawika."

"Basi mleteni."

"Akija, kuku wa Mama watafumba macho wote. Na wa kijiji. Daktari amesema ugonjwa umebaki ndani yake."

Kutwanga kukaendelea. Redio ikazimwa.

"Nani amekutuma uniambie?"

"Hakuna, Baba."

"Jackton yuko hapo?"

"Niko, Baba."

"Wewe ungeniambia?"

Jackton alitazama miguu yake isiyo na viatu. Mzee hakungoja sana.

"Nyathina, mwanangu," alimwambia Peres, "mimi nimefungua boma mbili. La kwanza jogoo alinitoroka njiani, tukamkimbiza hadi saa sita, na wazee wakaapa hawatasema. Sitashindwa na kuku. Ndugu yangu ana jogoo ng'ambo ya mto. Nitamwomba aje kwa makoo yangu. Kifaranga atakayezaliwa kwangu ni wa kwangu." Akapumua. "Lakini hilo si la Desemba. Kifaranga ana safari mpaka awike. Na mimi nina safari yangu. Tutaona nani anafika kwanza."

Kisha akasema, "Mshikie simu nimsikie."

Peres alikwenda bandani akanyoosha simu kwenye waya. Walisimama hivyo, yeye na mumewe, mpaka jogoo alipojisikia kuwika. Tangu siku ile Mzee hupiga kila alfajiri. Hasemi kitu. Anasikiliza mara mbili, tatu, anakata. Zipo asubuhi ambazo simu inachelewa, na ndani ya kuchelewa huko Peres anaiona ile hewa ya rangi ya maziwa, na watu wamelala na viatu vyao.

Mchana wa Jumapili hiyohiyo alikwenda kwa Waceke. Waceke alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Alisikiliza mpaka mwisho, na vidole vyake vikapunguza mwendo, vikasimama.

"Mama Ryan. Ulijua tangu Ijumaa ile?"

"Nilijua."

"Na Alhamisi nimeuza kumi na wawili. Kwa yule wa vizimba pale barabarani. Walikuwa wamefungua macho, nikasema Mungu ni mwema." Alisukuma sinia kando. "Ungeniambia hata Jumatano."

"Ningekuambia."

"Mimi walinidanganya watu wa shamba. Siwajui hata kwa sura. Wewe unakula kwangu."

Walikwenda pamoja barabarani, mama wawili na leso zao, wakakuta watano, wakawanunua tena. Saba walikuwa wameshabebwa, wamefungwa miguu, wazima kabisa machoni, kwenda kutiwa kwenye mabanda ya watu mpaka sikukuu. Wengi mji wa Kikuyu, alisema mchuuzi. Mmoja Uthiru. Mwingine hajui. Aliwauliza, ninyi ni polisi?

Waceke alifunga banda. Wale waliobaki wataishia kwenye sufuria yake, mmoja mmoja, kwa tarehe alizopanga Cate. Na Peres, asubuhi kabla ya kupanda kwenda Upper Hill, hupitia kwenye vizimba. Husimama pale na mwavuli wake. Mtu akija kununua, humwambia: mshike, mnuse usoni, fungua kope kwa kidole hivi, uliza ametoka shamba gani, na ukishamnunua usimchanganye na wako. Mchuuzi humwambia, mama, unaniharibia siku. Siku nyingine humtoa kwa bega. Wanunuzi wengi humwona kama mwendawazimu mpole. Wanaangalia simu.

Na kule juu lile shamba limeshaingiza vifaranga wapya kwenye mabanda yaleyale. Gerishon amefungua ndoo mpya ya njano. Ile kalenda imerudishwa mahali pake.

Basi wewe uliyewapita. Kama una kuku nyumbani, hata mmoja, ondoka ulipokaa ukamshike kichwa, umwangalie macho, kabla hujamaliza chai. Ukiletewa wa ofa, fungua kope kabla hujafungua geti. Ukijua ni shamba gani linalotoa wagonjwa, litaje leo kwa majirani, kwa sauti, kama Peres alivyopaswa kusema siku ya kwanza. Kisha mtafute afisa wa mifugo wa wadi yako, umwulize ile pikipiki iko wapi, na usikate simu mpaka akujibu. Na ukifika Kinoo, kando ya yule wa viazi, simama. Kuna mama pale mwenye mwavuli, anasema peke yake. Nenda ukasimame naye. Nenda sasa.